Kompyuta Iliyozimika Pale Pale

Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe, na nasema hivyo mapema kwa sababu kwa miaka kadhaa nilijivunia jambo hilo kupita kiasi. Kasha lilitoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyokufa. Mazabodi, ule ubao unaobeba vifaa vyote, niliinunua Moshi, feni Arusha, vingine nilivikusanya kimoja kimoja kila nilipopita mahali wanapouza vifaa vilivyotumika. Ninafundisha fizikia Same mjini. Wenzangu katika ofisi ya walimu wana laptop nyembamba za kuingia kwenye mkoba, mimi nina sanduku linalonguruma. Wakinitania huwajibu kwamba vyaelea vimeundwa, na wakiendelea huwauliza laptop zao zikiharibika wanampelekea nani.

Mama anakaa Bombo, kule juu milimani, kwenye nyumba ile ile tuliyokulia, pamoja na mdogo wangu wa kiume na mkewe. Mwezi wa nne tulimzika mama yetu mdogo, yaani mdogo wake mama. Kaburini ulisomwa wasifu wa marehemu kama kawaida: alizaliwa lini, alisoma wapi, alibatizwa na kuolewa lini, kisha likaja lile neno la siku zote, "alijaliwa kupata watoto watano". Nilimwona mama akiinua kichwa. Marehemu alizaa saba. Wawili walikufa wadogo, na mjukuu aliyeandika wasifu hakuwahi kuwasikia. Mama hakusema kitu, maana kaburini hapabishaniwi. Lakini tuliporudi nyumbani alikataa chakula, na wiki mbili baadaye akanipigia simu.

"Ukifunga shule njoo uniandikie wasifu wangu," alisema. "Sitaki kuja kusomewa uongo nimelala, sina mdomo wa kukanusha."

Hao ndio watu wetu. Watani husema Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, nasi hucheka, halafu tunamkumbuka shangazi fulani tunanyamaza. Mama alikuwa anakata rufaa kabla ya hukumu.

Kushuka Same alikataa, kwa sababu Same kwake ni joto na vumbi na watu wasiosalimia. Kurekodiwa kwa simu alikataa pia. Simu, alisema, ni ya kujuliana hali. Alitaka ayaone maneno yake yakitokea mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa, ayasome na kuyasahihisha. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Basi shule zilipofungwa mwezi wa sita nilifunga kioo kikubwa cha kompyuta kwenye godoro la mtoto, kasha nikalivika kanga mbili, nikapanda nalo milimani nimelipakata. Abiria mmoja aliniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Nilifika na samaki wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, sukari na kompyuta. Mama alipokea samaki kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kitakachoniandika?"

"Ndicho."

"Kikubwa. Afadhali. Mambo yenyewe si madogo."

Tuliiweka sebuleni. Meza ya sebuleni kwa mama ina kitambaa alichokifuma mwenyewe, kirefu, pindo lake linakaribia kugusa sakafu, na alikataa katakata kitolewe. Kioo kikakaa juu ya kitambaa, kasha likaingia chini ya meza juu ya kigoda, nyaya zikapita nyuma. Mimi nikakaa mbele, mama akakaa ubavuni pa meza kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mwezi wa sita Bombo ukungu huingia mlangoni bila kubisha hodi, na magoti yake hayapatani na baridi tangu miaka mingi.

"Anza na watoto wanne," alisema. "Andika hapo juu nisije nikasahau."

"Mama, tuko watatu."

"Mwalimu, aliyewazaa ni nani?"

Maisha yangu yote nimekuwa kifungua mimba katika nyumba ile. Nimekula nyama ya kifungua mimba na nimechapwa viboko vya kifungua mimba, kwa makosa yangu na ya wadogo zangu wawili. Nilimuuliza huyo wa nne ni yupi. Akasema nitafika huko, mambo yana mpangilio wake, yeye haanzi katikati. Nikaandika wanne. Nakiri kwamba niliandika nimenuna.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri. Alizaliwa, akachunga mbuzi, akasoma, akaingia kwaya ya kanisa, akaolewa. Saa mbili nzima kompyuta ilinguruma bila tatizo. Tukafika mwaka wa kwanza wa ndoa, mama akaanza kueleza nyumba waliyokaa, na katikati ya sentensi kioo kikawa cheusi. Feni zikanyamaza. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka.

"Imechoka," mama alisema. Akakunja blanketi lake, akainuka kwenda kuangalia makande jikoni.

Mimi nilipiga magoti chini ya meza. Kasha lilikuwa na joto, lakini kila kompyuta ikifanya kazi ina joto. Nikasubiri kidogo, nikabonyeza, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Maandishi yote yalikuwepo. Nikamwita mama, akasema leo basi, kesho.

Kesho yake alitaka kwanza asome yote tangu mwanzo. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari kwenye kioo, akibadilisha neno hapa na pale, na alipofika mwaka wa kwanza wa ndoa akakaa vizuri kwenye kiti akaanza kueleza ile nyumba. Baada ya dakika kumi hivi, giza tena.

Hapo ndipo nilipofungua kesi. Nilichukua daftari nikagawa ukurasa, nikaandika saa ilipowashwa, saa ilipozimika, na mshitakiwa wa siku hiyo. Mshitakiwa wa kwanza alikuwa umeme, na kwa kuwa umeme hauwezi kuhojiwa, nilimhoji mdogo wangu. Ana mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, inayotumia umeme wa nyumba hiyo hiyo. Nilimwambia mbele ya mkewe, wakati wa chai, kwamba mashine yake inavuta umeme wote na kuiangusha kompyuta.

"Dada, mbona taa haizimiki?" aliuliza.

Lilikuwa swali zuri, na sikupenda kuulizwa swali zuri na mtu ambaye nilimfundisha kusoma saa. Nilimweleza kwa fizikia nyingi kwamba taa inaweza kuvumilia umeme mdogo na kompyuta isivumilie. Maskini akanisikiliza. Kwa siku mbili alikata majani kwa panga, ng'ombe wanne wakimlilia, na kompyuta ikazimika siku zote mbili, pale pale. Alikuja kusimama mlangoni anafuta jasho.

"Mganga hajigangi, dada," akasema, akaenda zake kuwasha mashine.

Nikahamia kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Labda barabara ilikitikisa. Nilichomoa kila waya nikauchomeka upya. Nilitoa ram, kile kibao cha kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa ufutio wa mwanafunzi, kama tunavyofanya sote. Nilipuliza vumbi la Same lililojificha kwenye feni, na lilikuwa vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nilibandua kipoozeo cha prosesa, ule ubongo wa mashine, nikapaka pasti mpya ya kupitisha joto. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe isije ikaungua, hilo nalijua, wanafunzi wangu wanalijua. Kwa hiyo nilipima. Asubuhi nzima, mama akiwa kanisani na akina mama wenzake, niliiachia kazi nzito na kuangalia nyuzi za joto kwenye kioo. Hazikupanda kupita kawaida. Niliandika kwenye daftari: joto, hana hatia.

Alasiri mama alirudi, akasoma, akafika mwaka wa kwanza wa ndoa, ikazimika.

Safari hii hakuinuka kwenda jikoni. Alikaa anaangalia kile kioo cheusi.

"Acha, mwanangu," alisema. "Andika watatu."

"Kwa nini?"

"Hata mashine yenyewe haimtaki."

Nilikasirika. Ningependa kusema niliumia, na niliumia kweli, lakini kilichotangulia kilikuwa hasira. Nilimwambia mashine haina akili ya kumtaka wala kutomtaka mtu, ni bati na nyaya, mimi mwenyewe nimezikaza kwa bisibisi. Mama alisema amesikia. Akanyamaza ule unyamavu wake wa kaburini kwa marehemu mdogo wake, na jioni hakula. Nilibakiwa na siku tano kabla ya kurudi Same, na nilijua kama nikishuka bila kumaliza hataniita tena.

Asubuhi nilikaa na daftari langu nikalisoma kama nisomavyo majibu ya mwanafunzi aliyenakili. Saa za kuzimika hazikufanana hata kidogo. Siku moja saa nane, siku nyingine saa kumi na robo. Muda wa kuwaka nao haukufanana. Kilichofanana ni kimoja tu, na nilikuwa sijakiandika kwenye safu yoyote: maneno ya mwisho kwenye kioo. Siku zote yalikuwa yanahusu ile nyumba ya mwaka wa kwanza. Na siku zote, mama alikuwa amekaa pale. Nilipokuwa peke yangu haikuwahi kuzimika.

Basi nikafanya kosa la mwisho. Nilikwenda jikoni nikamuuliza mama yangu mzazi kama yeye ndiye anayebonyeza kitufe kwa mguu.

Aliweka mwiko chini.

"Mimi? Nizime kitu chako ulichokipakata toka Same?" aliniuliza. "Nimekuita mimi mwenyewe, halafu nizime?"

Niliomba radhi. Aliziacha zisubiri mpaka maharage yachemke, kisha akazipokea. Nikamwomba kitu kimoja: akae kwenye kiti chake kama siku zote na asimulie kutoka pale pale, lakini mimi sitaandika. Mimi nitalala chini ya meza niiangalie mashine.

"Sasa nimwambie nani? Meza?"

"Niambie mimi. Nitakuwa nasikia."

Nadhani alikubali kwa sababu alitaka kuniona nikilala sakafuni. Niliinua pindo la kitambaa nikaingia na tochi ya simu. Chini kule kulikuwa na kasha langu juu ya kigoda, mgongo wake, pale hewa ya moto inapotokea, ukielekea upande wa mama. Nilikuwa nimeuweka hivyo mwenyewe, kwa sababu ya waya. Miguu ya mama ilikuwa mbali kiasi, ndani ya soksi za sufu. Sikuwahi kuiangalia miguu yake kwa muda mrefu namna ile. Alianza kusoma, kwa sauti ya kanisani: mbuzi, shule, kwaya, ndoa. Miguu haikusogea.

"Mwaka wa kwanza wa ndoa," alisema, "tulikaa kwenye nyumba ya udongo kule chini penye migomba. Baba yenu alikuwa amekwenda kwenye mkonge. Nilikuwa peke yangu. Mwaka huo baridi ilikuwa mbaya."

Kiti kilikwaruza sakafu. Miguu ikaja. Magoti yakafika kwenye mgongo wa kasha yakagusa, kisha mikono ikashuka, ikavuta blanketi na kulitandaza, juu ya magoti na juu ya kompyuta yangu kwa pamoja, na kulisukumiza pembeni kote ili ubaridi usiingie. Aliifunika vizuri kabisa. Feni zikaanza kupandisha sauti.

Mkono wangu ulikuwa unafika. Ningevuta blanketi kidogo tu, na kesi ingekuwa imekwisha. Lakini mama alikuwa anaendelea kusema, na hakuwahi kufika hapo kabla.

"Alizaliwa mwezi wa sita kama huu," alisema. "Wa kike. Alikuja kabla ya siku zake, mdogo, ukimshika unaogopa. Mkunga akaniambia huyu ni wa joto tu, ukimpa joto atakaa. Nikamweka hapa magotini, nikakaa kando ya mafiga, nikamfunika. Siku kumi na moja sikulala kitandani. Nilisema nikilala atapata baridi."

Kompyuta ikazimika. Nilisikia feni zikipungua mpaka kimya. Kioo juu ya meza lazima kilikuwa kimekuwa cheusi mbele yake, na safari hii hakunyamaza.

"Siku ya kumi na mbili asubuhi moto ulikuwa bado unawaka, yeye alikuwa amepoa. Wanawake wawili walimchukua wakamzika penye migomba. Mtoto wa namna hiyo hakuwekewa matanga. Waliniambia nisilie, nitazaa mwingine. Baba yenu aliporudi alikuta nimeshafagia. Mwaka uliofuata nikakuzaa wewe, wakaja na ndizi na maziwa, wakasema haya, kifungua mimba huyo. Nikawaitikia."

Nililia kule chini, kichwa kikiwa karibu na magoti yake, kimya kimya kwa kadiri nilivyoweza, na sikuwa na haraka ya kutoka. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya huyo dada ambaye nilimnunia kwa siku tano kwa kunichukulia cheo.

"Umeona inavyozimika?" mama aliuliza hatimaye.

"Nimeona."

"Ni nini?"

Nilitoka, nikafuta uso kwa pindo la kitambaa, nikajua ameniona. Nilimweleza kwamba kompyuta inapumua kwa nyuma, na yeye akiisogelea na kuifunika blanketi inakosa hewa, inapata joto, inajizima isiungue.

"Ilikuwa na joto zuri," alisema, anaangalia magoti yake. "Sikujua kama nasogea." Akafikiri. "Kwa hiyo haikuwa inamkataa."

"Haikuwa inamkataa, mama. Ulikuwa unamkinga na baridi."

Nilikwenda kwa mdogo wangu kwenye zizi kumweleza hukumu. Alicheka mpaka ng'ombe wakageuka, kisha akanitoza faini ya jogoo kwa kumsingizia, na jogoo huyo nimemlipa. Nilipomweleza sehemu ya pili, ya dada yetu, aliacha kucheka. Alikwenda mwenyewe kuwasha jiko la mkaa nje, akalipuliza mpaka moshi ukaisha, akaliingiza sebuleni, akaliweka miguuni kwa mama na mlango akauacha wazi. Kasha nililihamishia upande wa pili wa meza, mgongo ukielekea ukutani, mbali na ukuta kiasi cha mkono.

Tulianza tena kutoka mwaka wa kwanza wa ndoa. Mama alisema yote, polepole, kwa mpangilio wake, nami niliandika. Alinitajia jina alilompa mwenyewe, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka, na aliniandikisha herufi kwa herufi. Jina hilo litasomwa kaburini kwa mama siku yake ikifika, kwa hiyo silitaji hapa. Kisha nikaandika kwamba wa pili ni mimi, na baada yangu wadogo zangu.

Aliweka kidole kwenye kioo akasoma kwa sauti: "Alijaliwa kupata watoto wanne." Akarudia mara mbili zaidi. Jua la jioni lilikuwa limetoboa ukungu, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na mashine yake ya majani haikuwa inasikika. Kompyuta ilinguruma, mama akaendelea kuiangalia kwa muda mrefu, anangoja.

Haikuzimika.

"Haya," alisema, akavuta blanketi magotini. "Sasa izime wewe mwenyewe."